Mafuta na Divai, Kisha Safari

Mfano wa Msamaria Mwema twausikia mara nyingi kanisani, nasi huuchukua kuwa ni fundisho la huruma tu. Lakini Mwinjili Luka, ambaye Mtakatifu Paulo amtaja kuwa tabibu, aeleza pia jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Msamaria alitia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga palepale njiani. Wala hakuishia hapo. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamwuguza, akatoa fedha, tena akaahidi kurudi. Huduma ya njiani ilikuwa njema, lakini haikuwa mwisho wa safari. Yatupasa kulifikiri sana neno hilo, maana kutolishika kwaleta misiba katika nyumba nyingi za Wakristu.

Tutwae mfano wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, nchi ya pamba na ng'ombe. Mtoto aamkapo usiku mwili wake ukiwaka homa, mama huona milango mitatu mbele yake. Wa kwanza ni duka la dawa, ambako hakuna kungoja. Wa pili ni mganga wa kienyeji, ambaye Wasukuma humwita nfumu; huyu aijua lugha ya nyumbani na ukoo wote, naye aweza kungojea malipo mpaka pamba iuzwe. Wa tatu ni zahanati, ambayo kwa wengine iko mbali, na pengine mgonjwa hufika akakuta foleni ndefu au dawa zimekwisha. Basi, tusiwe wepesi wa kuwahukumu wabishao hodi mlango ulio karibu. Maskini ana sababu zake.

Tena mlango ulio karibu si mbaya kwa kuwa u karibu. Mwaka 2003 Serikali ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ukaenea baadaye katika mikoa mingine, ili muuzaji afundishwe kazi yake na kuuza dawa zile tu alizoruhusiwa. Duka la namna hiyo, lenye kibali na mwuzaji aliyefunzwa, ni mafuta na divai ya njiani, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini lipo jaribu kubwa. Mteja ana fedha za vidonge vinne, naye auziwa vinne, hali dawa yenyewe yataka siku tano au saba. Homa yapungua, dawa yaachwa, na vijidudu vilivyobaki vyajifunza kuishinda dawa ile. Kesho jirani aambukizwa vijidudu hivyo, na dawa haimfai tena. Basi nusu dozi ya antibaiotiki humdhuru anayeinywa, tena humdhuru na jirani yake.

Kadhalika si kila homa ni malaria. Nimonia nayo huleta homa, nayo huua watoto wachanga upesi. Kwa hiyo ni lazima kupima kwanza. Kipimo cha haraka chataka tone moja tu la damu, na jibu hupatikana kwa muda wa kama robo saa au dakika ishirini. Ikionekana malaria, dawa mseto hunywewa mara mbili kwa siku, siku tatu kamili, hata kama siku ya pili mtoto anacheza uwanjani.

Na tuseme nini juu ya waganga? Yoshua bin Sira atufundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, na mwenye busara hazidharau. Hata dawa mseto ina asili yake katika mmea uliotumiwa tangu zamani huko China. Sheria ya nchi ya mwaka 2002 yaitambua tiba asilia. Mtu ajuaye majani na mizizi si adui wa Kanisa. Lakini mpiga ramli ni mtu mwingine kabisa. Yeye hasemi mgonjwa anaumwa nini. Husema nani amemroga. Usukumani twajua neno hilo lilivyozaa damu: bibi vikongwe, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wamekatwa kwa mapanga, na watu wenye ualbino wamewindwa, hata Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015. Amendaye mpiga ramli avunja Amri ya Kwanza, na mara nyingine aifungulia njia dhambi dhidi ya Amri ya Tano.

Liko na jambo la degedege. Wengi husema ni shetani au ndege, na kwamba sindano itamwua mtoto. La hasha! Yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea kwa mganga huondolewa katika uhai wa mtoto.

Basi tushike kanuni moja. Mhudumu wa kweli, popote alipo, hupima au huchunguza kwanza, na tena ajua kusema: hili limenizidi, nendeni mbele. Asiyesema hivyo kamwe, mwogopeni. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka vizuri, apumuaye mbio au kifua kikibonyea ndani, huyo asipitishwe dukani wala kwa mganga. Apelekwe zahanati au hospitali saa ileile, hata usiku. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua, na mtoto mchanga, upo mfumo wa m-mama ulioenezwa nchini tangu mwaka 2022. Namba yake ni 115, nayo hupigwa bure.

Enyi akina baba, msimwache mama angoje ruhusa mpaka mrudi mnadani. Mkubaliane mapema ni fedha ipi itatumika siku ya ugonjwa. Enyi wanajumuiya, mnaosali pamoja kila juma, je, mwajua ni nani mwenye pikipiki atakayeamshwa usiku? Msamaria alikuwa na mnyama na dinari mbili. Jumuiya nayo iwe na chombo na akiba. Nanyi mnaohudumu katika zahanati, kumbukeni kwamba neno moja la ukali humrudisha mama kwa mpiga ramli, hata kama zahanati iko mlangoni pake. Umbali mwingine si wa miguu, ni wa moyo.

Kristu alipomaliza mfano ule alimwagiza mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo. Agizo hilo ni letu pia, nalo latutaka tumfikishe mgonjwa mpaka penye tiba.