Barua Iliyokataliwa



Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya tulivuka mpaka wa Busia mwanzoni mwa 2008, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo. Huko niliandika barua kuombea binti yangu karo. Ikakataliwa. Ndugu mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua akaninong'oneza, "Mchungaji, ongeza kifo kimoja, watakuhurumia." Nakiri, neno hilo lilinikosesha usingizi siku mbili.

Je, kuandika upya ni kudanganya? Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la Yeremia kwa kisu, likateketea motoni. Yeremia akamwita Baruku tena, na gombo la pili likazidi la kwanza kwa maneno. Hakuyalainisha ili mfalme apendezwe.

Nikaisoma barua yangu upya. "Tumeteseka" ilikuwemo mara tano! Lakini shamba tuliloliacha sikulitaja, wala kwamba mtoto aliachia masomo darasa la sita. Aibu ilinizuia. Safari hii nikayaandika yote.

Ya pili nayo ilikataliwa. Nakala yake ninayo hadi leo, na naweza kumsomea binti yangu kila mstari.