Waliponipigia Makofi

Kila mtu katika kundi letu alitaka kuwa upande wa Antigone. Mwongozaji akanipa mimi nafasi ya Creon.

Tuliichukua tamthilia ya Sophocles, ya karne ya 5 kabla ya Kristo, tukaileta leo: mfalme wa Thebes akavaa suti na kutoa amri yake mbele ya vipaza sauti. Kisa chenyewe hatukukigusa. Ndugu wawili wameuana wakigombea utawala. Mmoja anazikwa kwa heshima. Mwenzake, aliyekuja na jeshi la kigeni, mjomba wao Creon anaamuru aachwe nje aliwe na mbwa na ndege. Antigone, dada yao, anamzika, akijua adhabu yake ni kifo.

Mazoezini nilimwigiza Creon kama shetani, kwa sauti nzito na macho makali. Mwongozaji akanikatiza. "Huyo hamdanganyi mtu. Mwigize kama mtu anayeupenda mji wake."

Nelson Mandela, akiwa mfungwa Robben Island, aliigiza Creon huyuhuyu. Baadaye aliandika kwamba Creon anaanza kama mzalendo mwenye maneno ya busara, kisha anakataa kusikiliza. Nilijiuliza: mtu aliyefungwa na watawala wa namna hiyo alipata wapi moyo wa kusema kwa kinywa chao?

Usiku wa onyesho nilihutubia kama nilivyoelekezwa. Nilisema vita vimetuchosha, na msaliti hawezi kulazwa sawa na shujaa. Ukumbi ukanipigia makofi, makofi ya kukubaliana. Nami, nakiri, nilifurahi.

Baadaye Antigone aliingia, mikono imejaa udongo. Ukumbi uleule ukanyamaza.

Wapo wanaosema kumpa dhalimu hoja nzuri ni kumtetea. Zamani ningekubali. Lakini dhalimu anayechukiza tangu mwanzo hatufundishi kitu, kwa kuwa hakuna anayejiona ndani yake. Creon anatisha kwa sababu sehemu ya anayosema ni kweli: mji unahitaji sheria, na usaliti huua watu. Kosa lake ni kudhani ukweli huo unamruhusu kuziba masikio, hata mwanawe Haemon anapomwambia kwamba raia wanamlilia Antigone chinichini.

Tangu usiku ule, hotuba ikinigusa mpaka mikono ikataka kupiga makofi, huwa najiuliza kwanza: ni mwili wa nani umeachwa nje?