Deni la Mfugaji Samaki

Samaki wa bahari akitokwa na vidoadoa vyeupe tangini, mara nyingi adui ni kimelea Cryptocaryon irritans. Mfugaji humhamishia kwenye tangi jingine, kisha hupunguza chumvi taratibu, kutoka gramu 35 hivi kwa lita hadi karibu 15, kwa wiki kadhaa. Maji hupenya ndani ya kimelea mpaka kikapasuka. Samaki hustahimili, maana damu yake haina chumvi nyingi kama bahari.

Je, huo ni ukarimu?

Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kuhisi madhara, kwa hiyo mateso ya samaki si jambo la kupuuza. Baharini vimelea hutawanyika. Tangini humrudia samaki yuleyule. Aliyemfungia ndiye aliyemzidishia ugonjwa, hivyo kumtibu ni kulipa deni. Deni hilo lina wadai wengine: matumbawe na kamba, ambao maji yaliyopunguzwa chumvi yangewaua, lazima wabaki katika tangi la awali.