Je, Kitu Kitupu Hakina Mwenyewe?

Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa Tanganyika hatuna maji ya kupwa na kujaa kila siku kama watu wa bahari. Kupwa kwetu ni kwa kiangazi. Maji yanajaa mpaka mwezi wa tano, kisha yanarudi polepole hadi mwezi wa kumi, na mchanga unabaki wazi pamoja na maganda ya konokono, makubwa kwa madogo.

Kiangazi kimoja tulipeleka wanafunzi kwenye ziwa, hapa Uvira, kwa somo la biolojia. Tukawaambia: okoteni maganda, ni matupu, hayana mwenyewe. Mtoto mmoja aliingia maji mpaka kiunoni, akaleta ganda zuri. Alipoliinamisha, samaki mdogo akachomoka. Mtoto akauliza: «Mwalimu, si mulisema haina mwenyewe?» Siku ile tulikosa jibu.

Kumbe konokono akiisha kufa, kuna samaki wa ziwa letu wanaohamia katika ganda lake. Jike anataga mayai humo, na watoto wanakimbilia humo wakiona adui. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Swali hili si la samaki tu. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda sana, watu wakaacha nyumba zao wakahama. Maji yakisha kurudi, kiwanja kinaonekana kitupu, na mwingine anakuja kusimika miti ya mipaka. Ukimuuliza, anajibu: «Nilikuta hakuna mtu.»

Wengine watatupinga: na yule samaki, hakuchukua nyumba ya mwingine? Alichukua, ndiyo. Lakini konokono alikwisha kufa, wala hakuacha mtoto wa kuidai. Hiyo tunaweza kuiita urithi. Kuchukua cha mtu aliyekimbia maji, naye angali hai kwa ndugu zake kule mulimani, hiyo ni wizi, hata kama hakuna aliyekuona.

Tena kuna mwenyewe mwingine tunayemsahau: ziwa lenyewe. Katika karne ya 19, mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa pale Kalemie ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Ziwa likapanda, hata kufikia mwaka 1878 maji yakapasua njia, na kwa miaka iliyofuata yakashuka metre nyingi. Basi pahali pengi tunapojenga leo palikuwa kitanda chake. Ganda unalolikuta mbali na maji ni hati ya ziwa: linasema lilifika pale, na linaweza kurudi.

Kwa hiyo siku hizi tunawafundisha watoto namna ingine. Kwanza tazama ndani. Pili uliza majirani: nani alikuwa hapa? Tatu, ukikuta mwenye nyumba, rudisha ganda pale pale ulipolitoa. Na sisi wakubwa, tukiona kiwanja kimenyamaza, tufanye vile vile.