Heshima ya Kiti

Katika vijiji vya Sikonge mzee akifika hupewa kiti, nayo ni desturi njema. Lakini twauliza: je, kumkalisha kutwa nako ni kumheshimu? Wengi, kwa upendo hasa, humnyang'anya mama yao jembe na ndoo, wakidhani wametimiza Amri ya Nne. Kumbe misuli isiyotumika hunyauka, miguu hulegea, na siku moja mama huanguka mlangoni pake. Hatusemi mzee asukumwe shambani. Anayelima uzeeni kwa sababu ya njaa ameonewa. Twasema asinyimwe miguu yake.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa juma. Kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kutembea taratibu baada ya Misa: hayo hayahitaji fedha. (Aliye mgonjwa amwulize tabibu kwanza.) Na yafanywe pamoja, maana aliye peke yake huacha upesi, hata Wanyamwezi wa zamani, waliochukua mizigo toka Tabora hadi pwani, walikwenda kwa misafara.

Wako vijana wanaocheka wakiona mabibi wananyosha mikono uwanjani. Hao ndio wanaowarudisha kitini. Jumapili ijayo na wawashike mkono wale wanaoyumba.