Mkono Uliotutangulia

Mtu afunguaye ukurasa mpya katika kompyuta, akauona mweupe mbele yake, hudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuufikia. Ilhali kabla hajabonyeza herufi moja, umbo la herufi hiyo limekwisha kuchaguliwa, kimo chake kimepimwa, nafasi baina ya mstari na mstari imeamuliwa, pambizo zimekatwa, lugha ambayo maneno yake yatahukumiwa kwayo imeteuliwa, hata karatasi ambayo siku moja yatachapwa juu yake imekadiriwa urefu na upana. Yote hayo yamefanywa na watu wasiomjua, katika mji asiopata kuuona, kwa sababu ambazo hakuambiwa. Sisemi haya kwa kulalama, maana hakuna mja awezaye kuanza kila jambo tangu mwanzo wake. Nasema ili tukubaliane kwamba kile tunachokiita hali ya kawaida aghalabu ni hiari ya mtu mwingine, iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu mpaka ikasahauliwa kuwa ilikuwa hiari.

Umbo la herufi na liwe shahidi wa kwanza. Herufi ziitwazo Times New Roman zilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, chini ya usimamizi wa Stanley Morison, zikaanza kutumika gazetini mwaka 1932, na haja yake kubwa ilikuwa ni maneno mengi yaenee ndani ya safu nyembamba pasipo kumchosha msomaji. Miaka mingi baadaye zikawa ndizo herufi za mwanzo za programu ya Word, na kwa njia hiyo risala ya mwalimu wa Songea na barua ya karani wa Kisumu zikaandikwa kwa khati iliyokusudiwa habari za asubuhi za Uingereza. Kisha likaja toleo la 2007. Times New Roman ya kimo cha 12 ikauzuliwa, ikatawazwa Calibri ya kimo cha 11. Mistari ikatanuliwa, na baina ya aya na aya pakaachwa uwazi ambao hakuna aliyeuomba. Na fauka ya hayo, menyu na pau za zana ambazo wachapaji walikuwa wamezijua kwa vidole bila ya kuzitazama zikaondolewa, mahali pake pakatandazwa utepe mpana wenye vichupo vyake. Mwaka 2023 kampuni yenye programu hiyo ikatangaza kwamba zamu ya Calibri nayo imekwisha, na kwamba herufi ziitwazo Aptos zinashika nafasi yake. Hivyo sura ya hati za ofisi zetu na tasnifu za vijana wetu imegeuzwa mara mbili katika umri wa mtumishi mmoja, wala halikuketi baraza, wala hakushauriwa mwalimu, wala hakuwapo afisa wa kwetu aliyepima akaona kuwa inafaa igeuzwe.

Taipureta ya zamani haikuficha mambo yake namna hii. Vizuizi vya pambizo vilikuwa juu ya mashine, kimoja kushoto na kimoja kulia, na karani alivisogeza kwa mkono wake kabla ya kuanza kazi; palikuwa na wenzo wa nafasi ya mistari, ambao ulikubali nafasi moja, moja na nusu, au mbili; na barua ilipotoka imebanana upande, kila aliyekuwamo chumbani alijua nani aliyeipanga. Kompyuta imetuondolea taabu hiyo, na hiyo ni fadhila isiyopasa kukanwa. Lakini pamoja na taabu imetuondolea maarifa kwamba pana jambo lililoamuliwa, na mtu asiyejua kuwa jambo limeamuliwa hawezi kuuliza kama liliamuliwa vyema.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Jared Spool, ambaye shughuli yake ni kuchunguza jinsi watu watumiavyo programu, aliandika mwaka 2011 habari ya uchunguzi alioufanya zamani pamoja na wenzake. Waliwaomba watu wawapelekee faili ambamo Word ilikuwa ikihifadhi mipangilio ya mtumiaji, wakapokea mamia, na walipoyafungua wakaona kwamba waliobadilisha chochote hawakufika asilimia 5. Wengine wote waliitumia programu kama walivyoikuta. Ajabu zaidi ni kwamba wakati huo uwezo wa programu kuihifadhi kazi yenyewe, mtu asipoteze alichokiandika umeme ukikatika, ulikuwa umezimwa tangu mwanzo. Na watumiaji waliuacha hivyo kwa kuamini kwamba waliouzima ni mabingwa, na bingwa hazimi kitu bila ya sababu. Sababu ilipotafutwa, ikabainika kuwa mtayarishaji wa faili ile alijaza sifuri kila mahali, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia nyepesi kwake. Basi kwa muda wote ule taadhima iliyotolewa kwa hekima ilikuwa ikipokewa na sifuri, na kazi za watu zilizopotea zilipotea kwa ajili ya wepesi wa saa moja wa mtu mmoja.

Mwandishi wa Kiswahili ana sababu zake mwenyewe za kulitazama jambo hili kwa makini. Aandikapo katika programu ambayo haikuambiwa lugha yake, kila neno lake huchorewa chini mstari mwekundu wa mawimbi, ukurasa mzima ukaonekana kama daftari la mwanafunzi mzembe, na kijana asiyekuwa na uthabiti huanza kuyashuku maneno aliyonyonya kwa mama yake. Akiandika i peke yake kama namba ya kifungu, huinuliwa ikawa herufi kubwa, kwa kuwa Kiingereza kina kaida hiyo. Mwalimu atungaye mtihani huandika (a), akaandika (b), na afikapo (c) mabano yake huyeyuka, pakasimama alama ya hakimiliki ndani ya duara, naye hurudi nyuma kuifuta kila swali, mtihani baada ya mtihani, mwaka baada ya mwaka. Kadhalika karatasi: kipimo cha Marekani kiitwacho Letter kina upana wa milimita 216 na urefu wa 279, ilhali A4 tuitumiayo ina 210 kwa 297, na hati iliyoandaliwa kwa kipimo kile ikifika kwenye printa ya kwetu, aghalabu printa husimama ikawasha taa, ikidai karatasi ambayo haimo katika rimu yoyote ya duka la jirani.

Kila moja katika taksiri hizi ina dawa yake, na dawa zenyewe si za wataalamu. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Word. Mtu hukichagua, akaamuru kiwe ndicho lugha ya kila hati mpya, au, akipenda, akaiambia programu isikague tahajia hata kidogo. Mgeuzo wa (c) umo katika orodha ya masahihisho ya kujiendea, nao hufutwa mara moja ukakoma. Aina ya herufi na kimo chake huchaguliwa katika dirisha la fonti, ambalo chini yake pana kitufe cha kuufanya uchaguzi huo kuwa wa daima. Ukikibonyeza, programu huuliza kama wataka hati hii peke yake au hati zote zitakazofuata, na jibu lako huandikwa katika kiolezo kiitwacho Normal, ambacho kila ukurasa mtupu huzaliwa kutokana nacho. Na yapo yaliyopita uwezo wa mtu mmoja, yakahitaji jamaa ya watu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia isiyouzwa, ambayo menyu zake zilisema Kiswahili. Lugha ya amri, ambayo wengi walidhani imefungwa na Muumba pamoja na mashine, ilionekana kuwa nayo ni mpangilio, na mpangilio hupangika.

Juu ya dirisha la Word, pembeni, pana upau mdogo wa zana ambao mwenye kazi huruhusiwa kuujaza kwa amri azitakazo, na programu nyingine ya kuandikia, LibreOffice, huruhusu pau zake zote zijazwe na kupunguzwa kwa hiari ya mtumiaji. Hapa ndipo tabia ya mtu hujulikana. Asiyeijua kazi yake huujaza upau ule kwa kila kilichong'aa machoni pake, ukawa na vitufe ishirini ambavyo hatavigusa, na akitafuta kimoja akihitajicho hakioni. Aijuaye kazi yake hukaa kwanza akajitazama siku kadhaa, akaona ni amri gani mkono wake huitafuta tena na tena, akaweka hizo nne au tano, akaishia hapo. Kuupanga upau wa zana kwanza ni kujihesabu, kisha ndiyo kuchagua, na anayeruka hesabu huchagua kwa ghururi. Mwandishi George R. R. Martin amepata kueleza hadharani kwamba huandika riwaya zake ndefu kwa WordStar 4.0, programu ya kale ya mfumo wa DOS, kwa kuwa hataki mashine imsahihishe wala imgeuzie herufi ndogo kuwa kubwa. Wengi walicheka, wakaona ni ukaidi wa uzee. Mimi naona ni mtu aliyejihesabu, akajua anachohitaji, wala hakuona haya kwamba kilikuwa kidogo.

Lakini iko hatari ya upande wa pili, nayo huwapata zaidi wenye akili nyepesi na vidole vyepesi. Wapo ambao kila asubuhi hubadilisha rangi ya dirisha, hujaribu fonti mpya, huhamisha vitufe kutoka kulia kwenda kushoto, na jua likizama wana meza iliyopambika na ukurasa mtupu. Fundi cherehani hukaza au hulegeza uzi kwa kadiri ya kitambaa alicholetewa, akajaribu mishono michache juu ya kipande cha majaribio, akaridhika, kisha akashona kanzu. Ukimkuta adhuhuri bado anageuza skrubu ya uzi, ujue ama mashine ni mbovu ama hana mteja. Kipimo changu cha mabadiliko yaliyo halali ni hiki: je, yataniondolea taabu ambayo ingerudi tena na tena, au yataniburudisha leo tu? Ya kwanza yana haki ya kupewa saa nzima. Ya pili hayana haki hata ya dakika kumi, ila siku ya mapumziko.

Kijana mmoja wa ofisini, nilipokuwa nikimweleza haya, aliniambia, "Mzee wangu, kompyuta yenyewe si yangu, ni ya idara, leo nipo mimi, kesho yupo mwenzangu. Nikiipanga, nampangia nani?" Swali lake ni zuri kuliko maelezo yangu, kwa sababu nchi yetu ina kompyuta nyingi za namna hiyo. Katika duka la steshenari mashine moja huandika asubuhi maombi ya kazi, mchana kadi za harusi, jioni mkataba wa kiwanja. Na aliyepita aghalabu humwachia ajaye pambizo zake, fonti yake, na vipimo vyake. Huko kubadilisha mpangilio si jambo la nafsi tena, ni amana. Anayetengeneza kiolezo cha barua za idara, akaweka jina la ofisi juu, mahali pa Kumb. Na., tarehe, na mstari wa YAH, ameamua kwa niaba ya watu ambao wengine hawajaajiriwa bado. Yampasa awaulize watakaokitumia. Amkumbuke mwenye macho dhaifu anapochagua kimo cha herufi. Na aandike mahali panapoonekana alichobadilisha na sababu yake, ili ajaye awe na uwezo wa kukubali au kukataa akiwa na maarifa. Asipofanya hivyo, atakuwa yeye naye ni mtu asiyejulikana wa mji wa mbali, hata kama meza yake imo katika chumba kile kile.

Sitaki nieleweke kwamba kila kilichowekwa na wengine ni cha kupinduliwa. A4 hiyo hiyo ilitokana na kanuni iliyopitishwa Ujerumani mwaka 1922, nayo ina hekima ndani yake: ukiikata katikati, nusu yake huwa na uwiano ule ule wa urefu na upana kama ilivyokuwa nzima, hata hati kubwa hupunguzwa ikaenea kwenye karatasi ndogo bila ya kupotoka. Hatukuulizwa, lakini tungeulizwa tungekubali. Na kukubali kwa kujua ni tendo kamili kama kukataa, ila halina kelele.

Hofu yangu imo katika mambo yaliyo mazito kuliko fonti. Nimeona mikataba ya kupanga nyumba iliyochapwa kutokana na mkataba mwingine, ambamo katika kifungu cha saba bado limo jina la mpangaji wa zamani. Nimeona katiba za vikundi vya kuweka na kukopa zilizonakiliwa kwa kikundi cha wilaya nyingine, faini zake, riba yake, na masharti yake ya kumwondoa mwanachama yakiwa yale yale, na wanachama wapya wakizitia saini kwa imani kwamba ndivyo katiba zilivyo. Walipofikiwa na deni au msiba ndipo walipojua kuwa walikuwa wakitawaliwa na maamuzi ya watu wasiopata kukaa nao. Hao hawakukosa akili. Walikosa mazoea ya kuuliza, na mazoea hayaanzi siku ya msiba. Huanza katika mambo madogo yasiyo na hatari, ambapo mtu hufungua orodha ya mipangilio, akasoma kila mstari, na juu ya kila mmoja akauliza nani aliyeuweka, alimkusudia nani, na kama yeye ndiye huyo. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kompyuta na awape kazi hiyo kabla ya kuwafundisha kupamba maandishi, na katibu wa kikundi na aifanye kwa katiba yake kabla ya mkutano ujao, kifungu kwa kifungu, wanachama wote wakiwa wameketi.