Ukuta Unaotembea

Wimbi likigonga kitu kilichotulia, hurudi jinsi lilivyokwenda. Likigonga kinachosogea, masafa yake hubadilika: hupanda kitu kikija, hushuka kikienda zake. Christian Doppler aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1842. Kwenye mwangwi badiliko huwa maradufu, maana kitu hupokea wimbi kikiwa mwendoni na kulirudisha kikiwa bado mwendoni.

Tuchukue rada ya gigahezi 10. Lori linaloijia kwa kilomita 50 kwa saa katika barabara ya Shinyanga litaongeza mitetemo kama 926 kwa sekunde. Sasa ielekezeni rada hiyohiyo kwenye ukuta wa mgodi wa wazi, tuseme shimo kubwa kama Nyankanga kule Geita, na ukuta uwe unasogea milimita moja kwa saa. Tofauti itakayorudi ni mtetemo mmoja kwa saa 15 hivi.

Je, hayo bado ni mabadiliko ya masafa? Kihesabu ni yaleyale ya lori. Lakini hakuna mhandisi atakayesubiri saa 15 mwamba ukining'inia juu ya watu. Rada za kuta za migodi hulinganisha mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake safari hii na safari iliyopita, na sehemu ndogo tu ya mtetemo inatosha kutoa hukumu. Kwa hiyo utulivu tunaouona kwa macho ni suala la subira yetu. Mwamba haukuahidi kutulia.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Rada husoma ule mwendo tu unaoijia au kuikimbia. Ukuta ukiteleza kukingama na mstari wa wimbi, mwangwi hurudi kama ulivyotumwa, na kiooni panasomeka shwari. Chombo hakijadanganya, kimejibu swali lililoulizwa, nalo liliulizwa kutoka upande mmoja. Wanafalsafa wamebishana sana kama tunaweza kuvijua vitu vyenyewe au uhusiano wetu navyo tu. Mwangwi, kwa maoni yangu, uko upande wa pili wa ubishi huo: unachopima ni kinachotokea baina ya chombo na mwamba.

Basi ripoti ikisema ukuta haujasogea, ulizeni kwanza rada ilisimama wapi. Kama ilikuwa moja, ombeni ya pili, iwekwe upande mwingine wa shimo.